Chekechea za mitaani Tanga: ukaguzi uanzie chooni

Kila Januari mitaa ya Tanga huota vibao vipya. Toka Makorora ukate kuelekea Mwanzange, au zunguka zile barabara za Ngamiani zinazoitwa kwa namba, utaviona vimepigiliwa juu ya milango ya nyumba, kwenye kuta za madrasa, kwenye mabanda ya makanisa: tunapokea watoto kuanzia miaka miwili na nusu. Baadhi ni vya mtu binafsi anayetafuta riziki yake. Ninaotaka kuwazungumzia leo ni wengine, wale walioanzisha kituo kama watu wa mtaa mmoja. Kamati ya msikiti imetoa chumba, kikundi cha kina mama kimechangishana mabati, kigango kimeazima ukumbi wake siku za kazi. Mwalimu ni binti wa hapohapo aliyemaliza kidato cha nne. Wazazi wanalipa kidogo, na wapo wasiolipa kabisa lakini mtoto wao hafukuzwi.

Halafu hufika msimu wa tamko. Kiongozi anasimama mbele ya kamera, anatoa siku kadhaa, vituo vyote visivyosajiliwa vifungwe. Maofisa wanapita, vibao vinateremshwa, watoto wanarudi nyumbani. Baada ya miezi michache vibao vinapandishwa tena, pengine nyumba ya tatu kutoka pale pa mwanzo, na hakuna tundu la choo hata moja lililoongezeka.

Sina ugomvi na viwango. Mtoto wa Mikanjuni ana haki ya chumba salama, maji safi na mlezi anayejua kazi yake sawa na mtoto wa Raskazone, na anayesema watoto wa maskini wavumilie tu hanipati upande wake. Ugomvi wangu uko kwenye namna tunavyothibitisha kwamba viwango vimefikiwa. Tunakagua karatasi na jengo mara moja, siku ya usajili, kwa ziara inayojulikana wiki nzima kabla. Yanayomuumiza mtoto hayako kwenye karatasi, na hubadilika kila muhula: mwalimu ameacha kazi, watoto wameongezeka ishirini, bomba limekatwa, kitasa cha choo kimeng'oka.

Tuanze na sheria, maana hapo ndipo kamati nyingi hukwama kabla hata ya kununua chaki. Chekechea ya mtaa ina watoto wa miaka mitatu, minne, mitano na sita ndani ya chumba kimoja. Serikalini hao ni watoto wa milango miwili. Wadogo wanaangukia Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya sheria ya vituo vya kulelea watoto mchana ya mwaka 1981. Mambo yao yako kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na safari ya kumfikia huanzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Wakubwa, wale wa mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza, ni wa Sheria ya Elimu ya mwaka 1978. Hilo ni darasa la awali, usajili wake uko upande wa Kamishna wa Elimu, na wanaokuja kulitazama ni wathibiti ubora wa shule, ambao tulizoea kuwaita wakaguzi.

Sasa mchukue mwenyekiti wa kamati, mama anayeuza samaki alfajiri kule Deep Sea na mchana anahangaikia kituo. Akienda ustawi wa jamii ataulizwa mbona mnafundisha kusoma na kuandika, hilo ni la elimu. Akienda elimu ataambiwa hamna eneo la kutosha, hamna mwalimu mwenye cheti cha ualimu, ninyi ni kituo cha malezi, rudini ustawi. Katikati ya hapo yupo bwana afya na taarifa yake, wapo zimamoto na yao, yupo mtu wa majengo naye anataka ramani ya chumba kilichojengwa kabla yeye hajazaliwa. Kila mmoja anauliza jambo la maana. Hakuna hata mmoja ninayeona angeondolewa. Lakini kila ziara ya ofisini ni siku ya biashara iliyopotea, na mama huyu hufika mahali akasema basi, watoto waendelee tu, wakija kutufunga watatufunga.

Dawa ya jambo hili imeshaandikwa. Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, yenye kuwahusu watoto tangu kutungwa mimba hadi miaka minane, na shabaha yake kubwa ni kuzifanya sekta za afya, lishe, elimu, ulinzi na ustawi zimtazame mtoto kwa pamoja. Warsha zimefanyika, fulana zimevaliwa. Kwa mama wa Deep Sea, programu jumuishi ingekuwa na maana moja tu: wakaguzi wote waje siku moja, kwa gari moja, waondoke wakiwa wameacha ripoti moja yenye sahihi zao wote. Gharama yake ni mafuta ya gari moja badala ya magari manne. Hata kwa hesabu ya halmashauri hilo ni nafuu.

Waje, basi. Wakifika waanzie chooni.

Nina kituo kimoja kichwani, Makorora, ambacho sitakitaja kwa kuwa hakina tofauti na vingine vingi. Chumba cha madrasa, kimepakwa chokaa, ukutani wamechora tembo, embe na saa. Sakafuni mkeka. Watoto ni zaidi ya hamsini, walimu wawili. Choo kipo nyuma, ni kile wanachotumia waumini na vijana wa madrasa wa jioni. Kimejengwa vizuri kwa mtu mzima. Tundu ni la mtu mzima, zile nyayo za zege za kukanyagia zimeachana kwa kipimo cha mtu mzima, komeo liko juu usawa wa kifua cha mtu mzima, na ndani ni giza. Mtoto wa miaka minne akiingia humo ili akanyage pande zote mbili lazima atanue miguu juu ya shimo asiloliona mwisho wake. Anashika ukuta. Akimaliza hafikii kopo. Wengi hawafiki hata hapo, wanaishia nyuma ya ukuta, kwenye mchanga uleule wanaochezea wakati wa mapumziko.

Mwalimu mwenye huruma humshika mtoto mkono akampeleka. Mwenzake wakati huo yuko kwenye sufuria la uji. Nani amebaki na watoto hamsini? Hapo ndipo fomu ya ukaguzi inapotudanganya, maana choo kina kisanduku chake na uwiano wa mwalimu kwa watoto una kisanduku chake, kana kwamba ni mambo mawili. Kwenye kituo ni jambo moja. Choo asichoweza kukitumia mtoto peke yake humla mwalimu mmoja kutwa nzima.

Kwenye shule za nchi yetu kipimo kinachotumika ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Ni kipimo kizuri na kihesabiwe. Ila kwa watoto wa umri huu kuhesabu matundu hakutoshi. Mkaguzi asimame pale mlangoni saa nne, wakati wa uji, aone njia anayopita mtoto, aone kama anafungua mlango mwenyewe, kama ukijifunga kwa ndani mtu wa nje anaweza kuufungua, kama maji na sabuni viko mahali mkono mdogo unafika. Atajua kituo hicho kuliko atakavyokijua kwa kusoma faili.

Na marekebisho yake hayahitaji mfadhili. Fundi wa mtaa kwa siku chache anaweza kumwaga kizibo cha zege chenye tundu dogo, akateremsha komeo, akatoboa dirisha la mwanga juu. Poti chache kwa wale wa miaka miwili na mitatu. Ndoo yenye koki juu ya kigoda kifupi, au kibuyu chirizi kinachokanyagwa kwa mguu. Maji yenyewe Tanga hatuna kisingizio cha miji mingine. Mamlaka yetu ya maji ndiyo iliyoingia sokoni mwaka 2024 na hatifungani ya kijani, yaani mkopo wa kuuzia wawekezaji kwa ajili ya miradi rafiki kwa mazingira, ya zaidi ya Sh bilioni 50, na wawekezaji wakainunua. Mji uliofanya hivyo haushindwi kufikisha koki moja kwenye kituo cha watoto hamsini.

Nimekaa sana chooni kwa sababu nina hakika kuhara kunaua watoto wetu wengi kuliko moto, na hakutangazwi.

Uwiano wenyewe sasa. Kwa darasa la awali kiwango ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Piga hesabu ya kituo cha mfano chenye watoto 60, kila mzazi akitakiwa kutoa Sh 10,000 kwa mwezi. Wote wakilipa ni Sh 600,000. Hawalipi wote. Wakilipa 40 ni Sh 400,000. Toa unga, sukari, mkaa, maji, umeme, karatasi, rangi. Kinachobaki ndicho mshahara wa walimu wawili, na kiwango kinataka watatu. Kamati ikipandisha ada ili imlipe wa tatu, watoto 15 wataondoka, na hao 15 ndio wa zile nyumba ambazo kituo kilianzishwa kwa ajili yao.

Upande wa pili wa barabara iko shule ya msingi ya Serikali yenye darasa la awali. Mtoto wa humo, tangu Januari 2016, yuko ndani ya mpango wa elimumsingi bila ada. Mtoto wa chekechea ya mtaa hayumo. Wote ni watoto wa mtaa mmoja, pengine wa tumbo moja, mmoja ana miaka mitano na mwenzake mitatu na nusu. Na kila aliyewahi kuchungulia darasa la awali la shule kubwa ya mjini anajua kwamba watoto 25 kwa mwalimu mmoja ni nadra kuwakuta huko pia. Silitaji hili ili kituo cha mtaa kijifiche nyuma yake. Nalitaja kwa sababu kiwango ambacho mwenye kukiweka hakifikii hakiwezi kuwa sababu ya kumfungia mwingine mlango kesho asubuhi. Kiwe lengo lenye tarehe, na njia ya kulifikia ijadiliwe kwa uwazi.

Hapo ndipo ninapotaka maofisa wetu wabadili namna ya kufikiri. Orodha ya ukaguzi ya sasa huyaweka mambo yote kwenye mstari mmoja: ukubwa wa kiwanja, uzio, sifa za mwalimu, vifaa vya michezo, kisima, jiko, ramani. Ukikosa machache umefeli, yawe yapi. Lakini kukosa bembea na kuwa na kisima kisicho na mfuniko si makosa ya uzito mmoja. La kwanza linasubiri mwaka. La pili halisubiri hata jioni ya siku hiyo.

Nyumba za zamani za Tanga zina visima uani. Kituo chenye kisima kilicho wazi kisiwe na mtoto ndani mpaka kizibwe. Jiko la mkaa karibu na mlango wa chumba chenye mlango mmoja tu, madirisha yote yana nondo: watoto watoke kwanza, jiko lihame, nondo za dirisha moja zikatwe ziwekewe bawaba, ndipo warudi. Hatuhitaji kukumbushwa mbali. Septemba 2020 moto uliunguza bweni la shule moja ya msingi wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, na watoto wasiopungua kumi wakafa humo. Baadaye, mwaka 2023, Wizara ya Elimu ikapiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Uamuzi mzuri, na hatari ya moto haikuondoka nao, maana mchana pia watu wanapika.

Usafiri ndio tunaoupuuza zaidi. Aprili 2024 basi la wanafunzi lilisombwa na maji Arusha, watoto wakafa. Kwetu hapa watoto wa chekechea wanabebwa kwa bajaji, wamepangwa mapajani, mguu wa mmoja uko nje. Kituo kikikodi bajaji hiyo kinawajibika nayo, hata kama mkataba ni wa maneno. Idadi ya watoto ndani ya chombo iandikwe na mtu mzima awepo pamoja nao nyuma. Wakati wa masika, barabara za Mabawa na Duga zikijaa maji, dereva asiamue peke yake kama atapita.

Kisha kuna watu. Jengo zuri lenye mtu mbaya ni hatari kuliko banda. Mlezi wa chekechea ya mtaa hupatikana kwa kujuana, na kujuana ni kinga nzuri mpaka siku inapogeuka kuwa sababu ya kunyamaza. Mambo mengine ni rahisi kiasi kwamba kutoyafanya hakuna utetezi: asiwepo mtu mzima peke yake na mtoto nyuma ya mlango uliofungwa, choo wasichangie watoto na vijana wakubwa kwa saa zilezile, na kila mtoto awe na majina ya watu wawili wanaoruhusiwa kumchukua, yameandikwa, si ya kukumbukwa. Akija mjomba asiye kwenye daftari, mtoto habebwi hata mjomba akasirike. Namba 116 ya simu kwa mtoto ni ya bure, na iandikwe kwa rangi kubwa palipo na mzazi na mtoto anayejua kusoma. Kwenye kila wilaya polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Ni wachache mno kati ya wanakamati niliozungumza nao waliojua kwamba wanaweza kwenda pale kuuliza kabla jambo halijatokea.

Kwa makosa ya aina hiyo kituo kifungwe papo hapo, na sitamtetea mtu. Kwa mengine nataka tarehe, na ofisa anayerudi tarehe ikifika.

Nasema hivi kwa sababu kufunga kuna mahali kunakompeleka mtoto. Mama wa Makorora hana likizo siku kituo kinapofungwa. Atamchukua mtoto aende naye sokoni Mgandini, akae chini ya meza ya nyanya kuanzia saa kumi na mbili, au atamwacha na dada yake wa miaka tisa ambaye kwa sababu hiyo hatakwenda shule. Huko hakuna afisa ustawi anayekagua uwiano. Tukifunga kituo chenye kasoro zinazorekebishika tumeondoa kasoro hizo kwenye takwimu zetu, na mtoto tumempeleka pabaya zaidi.

Wapo watakaonipinga, na hoja yao naiheshimu. Watasema ukianza kutoa muda, muda hautakwisha. Kituo cha muda kitakuwa cha muda mpaka watoto wake wamalize kidato cha nne, na watoto wa maskini watazoeshwa nusu ya kiwango. Wanasema kweli kwamba ndivyo tulivyo. Tumeona leseni za muda zisizo na mwisho kwenye mambo mengi ya nchi hii. Jibu langu ni kwamba muda usiwe siri kati ya ofisa na kamati. Ripoti ya ukaguzi ibandikwe mlangoni kwa Kiswahili cha kawaida: siku tuliyokuja, watoto tuliowakuta, walimu tuliowakuta, yaliyo sawa, yasiyo sawa, tarehe ya mwisho ya kila moja, jina na cheo cha atakayerudi. Mzazi anayemleta mtoto kila asubuhi aisome. Siku ikipita bila choo kuongezwa, watu hamsini watajua, na watajua pia kama ofisa hakurudi.

Cheti chenyewe kwa sasa hakisemi lolote kati ya hayo. Kinasema kituo kimesajiliwa. Mzazi anaelewa kuwa kimekaguliwa, na anadhani kimekaguliwa juzi.

Ofisa mmoja wa halmashauri hawezi kuzunguka kila muhula, hilo tulikubali. Kata za Jiji la Tanga ni nyingi, na ofisa huyohuyo ana mashauri ya matunzo, wazee, watoto wa mitaani na mahakama. Ila mtaani tayari kuna chombo. Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ule tunaouita MTAKUWWA, ulianzisha kamati za ulinzi wa wanawake na watoto hadi ngazi ya mtaa na kijiji. Nyingi zimelala kwa sababu hazina kazi ya kila wiki. Wapewe hii. Hawahitaji shahada kuhesabu watoto na walimu saa tatu asubuhi bila taarifa, kutazama mfuniko wa kisima, kufungua koki waone kama maji yanatoka, na kupiga picha kwa simu wakaituma kwa afisa ustawi. Kazi ya utaalamu, kama kupima sifa za mlezi au uimara wa paa, ibaki kwa wataalamu.

Najua hatari ya kumpa jirani madaraka juu ya jirani. Chuki za mtaa zipo, na mjumbe mwenye shangazi aliyefungua kituo cha upande wa pili atakuwa na macho makali sana. Kwa hiyo kamati isiwe na uwezo wa kufunga. Iwe na uwezo wa kuona, kuandika na kuita.

Mambo ya uji na kadi nayapitia haraka. Kadi ya kliniki ya kila mtoto iangaliwe siku ya kuandikishwa ili chanjo zilizorukwa zijulikane. Unga wa lishe wenye mchanganyiko wa nafaka saba na karanga, ambao wazazi wanauona ndio bora, ndio wenye nafasi kubwa zaidi ya kuingiza sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka na karanga, iwapo kimoja tu kilihifadhiwa vibaya. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yaliyoota ukungu huo. Unga wa mahindi mazuri yaliyochambuliwa, na dagaa au maziwa pembeni, unatosha.

Kuhusu wanachofundishwa, nina neno moja kwa wazazi wenzangu. Kiwango tunachokidai sisi sicho kinachoandikwa kwenye mtaala. Tunataka mtoto wa miaka mitatu arudi na daftari lililojaa a, e, i, o, u na Kiingereza cha kuhesabu, na kituo kinachocheza, kuimba na kusimulia hadithi tunakiona kinacheza na pesa zetu. Walimu wanajua, ndiyo maana wanawaketisha watoto kutwa nzima wakinakili ubaoni. Halafu Novemba tunachangishwa kwa ajili ya mahafali, majoho na kofia za kukodi, keki, muziki. Mimi nasema wazi kwamba kituo kisicho na choo cha watoto kisifanye mahafali. Pesa ile ya joho kutoka kwa wazazi arobaini inamwaga vizibo vya zege na kununua ndoo, na inabaki.

Tuna mfano karibu kuliko tunavyofikiri. Ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, Mombasa nchini Kenya, miaka ya 1980, jumuiya za Waislamu zilianza na Mfuko wa Aga Khan mpango wa chekechea ndani ya madrasa, mpango uliofika Zanzibar mwaka 1990 na baadaye Uganda. Jumuiya ilitoa chumba na kamati. Wanawake wa palepale walifunzwa ualimu, vifaa vikatengenezwa kwa vifuu, mbegu na vitambaa, na nyimbo na hadithi zikawa za kwao. Sehemu ninayoipenda ni ile ya mkufunzi aliyekuwa akirudi kituoni, tena na tena, kukaa darasani na mwalimu akimwonyesha. Anapima huku anafundisha. Mwalimu hamfichi kitu mtu wa namna hiyo, kwa sababu akimwonyesha tatizo anapata msaada. Wathibiti ubora wetu, kwa jina lao jipya na mwongozo wao, ndivyo wanavyotakiwa wafanye kazi. Wapewe pikipiki na nafasi ya kufanya hivyo kwenye vituo vya mtaa pia, hata kabla usajili haujakamilika. Leo kituo kisicho na namba ya usajili hakimo kwenye ratiba ya mtu yeyote, na hicho ndicho chenye watoto walio kwenye hatari kubwa zaidi.

Imebaki pesa. Wengine wamependekeza vikundi vya kina mama wanaoendesha vituo wakope kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vikundi, ambamo asilimia 4 ni ya wanawake. Kwa kununua viti vya kukodisha au kuanzisha mradi wa kuku utakaolipa mwalimu wa tatu, sawa. Kwa choo hapana. Choo cha watoto hakizai faida ya kurejesha marejesho kila mwezi, na kumkopesha mama pesa ili afikie kiwango cha usalama cha watoto wa mtaa mzima ni kumtwisha peke yake mzigo wa wote. Choo kitoke kwenye mapato ya ndani ya Jiji, kama ruzuku, kwa kituo ambacho ripoti yake ya pamoja imebandikwa mlangoni na kamati yake imeleta mchanga, kokoto na nguvukazi. Halmashauri ilete saruji, nondo na fundi.

Madiwani wataketi kupitisha makisio ya mwaka wa fedha unaoanza Julai, kama kila mwaka. Kabla ya kikao hicho, afisa ustawi wa jamii na ofisa elimu wa awali na msingi wakae meza moja watoe orodha ya vituo vyote vya watoto wadogo vilivyopo ndani ya Jiji, vyenye namba na visivyo na namba, pamoja na idadi ya matundu ambayo mtoto wa miaka minne anaweza kuyatumia peke yake. Orodha hiyo isomwe kikaoni kata kwa kata, diwani wa kata husika akiwa amekaa kwenye kiti chake.